Kitabu kwanza au filamu kwanza? Naomba ushauri kwa mtoto wa miaka 13 na mdogo wake wa 9

Mama_Wawili, Morogoro

Hamjambo wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 13, amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba na sasa yupo nyumbani akingoja kidato cha kwanza Januari. Mdogo wake wa kiume ana 9. Wote wawili wanapenda hadithi za dunia zisizokuwepo: miji ya miaka ijayo, majini, watoto wanaofungua mlango wakatokea pengine kabisa. Kwa wauza vitabu vya mtumba nimepata vitatu kwa bei nafuu, na filamu zake nimewekewa kwenye flashi. Ni The Giver cha Lois Lowry, The Hunger Games cha Suzanne Collins na A Wrinkle in Time cha Madeleine L'Engle.

Nyumbani kwetu sheria ni moja tangu zamani: kitabu kwanza, ndipo filamu. Nilipokuwa sekondari mwalimu wetu alituambia ukishaona sura ya mtu kwenye skrini, huwezi tena kumchora mwenyewe kichwani. Nimeishika sheria hiyo mpaka leo. Lakini wiki iliyopita binti kanijia na The Giver mkononi, yuko ukurasa wa kumi na kitu, maneno kayapigia mstari kwa penseli mpaka ukurasa umekuwa kama shamba lililopigwa matuta. Akaniambia, "Mama, kila mstari nauliza neno. Nikifika chini nimeshasahau cha juu." Sikuwa na jibu. Kasoma shule ya msingi ya kata, Kiingereza chake ni cha kuanzia, na mimi nataka apende hadithi kabla hajapewa hadithi kama mtihani.

Vyote vitatu nimevisoma, na filamu nimeziangalia usiku wakiwa wamelala. Nawaandikia ninavyoona mpaka sasa, mnisahihishe. Ambaye hataki kujua siri ya The Giver aruke aya inayofuata.

Jonas anaingia miaka 12, anaishi katika jamii ambayo kila kitu kimepangwa, hata mume na mke unapangiwa. Siku moja anarushiana tufaha na rafiki yake. Ghafla tufaha linabadilika likiwa hewani, kufumba na kufumbua, kisha linarudi lilivyokuwa. Analipeleka nyumbani, analikagua kwa kioo cha kukuzia, haoni kitu. Msomaji naye haoni. Ni mbele huko ndipo unaambiwa alichokiona ni wekundu, na hapo unashtuka kwamba tangu mwanzo hakuna aliyekutajia nyekundu wala kijani, kwa sababu watu wa pale hawazioni rangi. Nilifunga kitabu nikarudi ukurasa wa kwanza kuhakikisha. Sasa filamu, ya mwaka 2014, inaanza kwa picha nyeusi na nyeupe. Siri imeshatoka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Tena Jonas wa kitabu ni mtoto, wa filamu ni kijana mzima wa kuweza kuoa.

The Hunger Games inanitatiza. Kitabu kiko ndani ya kichwa cha Katniss, msichana anayeingia kwenye mashindano ya kuuana, unajua anachojua yeye tu. Filamu ya 2012 inakutoa humo kichwani, inakupeleka chumba cha mitambo ambako watu wazima wanakaa na vikombe vyao wakiamua moto uwake wapi ili mtoto fulani akimbie kushoto. Mandhari hiyo ilinichoma kuliko mapigano. Ila ni watoto 24 wanaouana, na mwanangu mdogo wa miaka 9 hatalala.

A Wrinkle in Time, kitabu ni cha 1962, filamu ya 2018. Kitabu nilikipenda, filamu ilinipita tu.

Je, nivunje sheria? Na kama ni kuvunja, nivunje kwa kipi?

---

Mwl_Kibatari, Sengerema

Dada, hongera kwa kuvisoma mwenyewe kwanza, wazazi wengi hawafanyi hivyo.

Kwa The Giver usivunje. Badala yake msomee kwa sauti, ukitafsiri papo hapo. Mimi nilifanya hivyo na kidato cha pili, dakika kumi na tano za mwisho wa kipindi kila Ijumaa, kitabu kimoja tu mkononi mwangu na wanafunzi hamsini na kitu mbele yangu. Sikuwaambia ni Kiingereza cha mtihani. Nilisoma, nikasema kwa Kiswahili, nikaendelea.

Kuna jambo lilitokea ambalo sikulitegemea. Kumbukumbu ya kwanza ambayo mzee mtunza kumbukumbu za jamii anampa Jonas ni ya theluji: anamwekea mikono mgongoni, na mtoto anajikuta juu ya kilima, amekaa kwenye kijigari kisicho na magurudumu, anateleza kuteremka, baridi inamchoma usoni. Jonas hajawahi kuona theluji, hajawahi kuona kilima. Msomaji wa Marekani ambaye utotoni kacheza kwenye theluji anasoma pale akimwonea Jonas huruma. Wanafunzi wangu walikuwa Jonas. Darasa zima halijawahi kushika theluji. Binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, inauma au inapendeza?" Hilo ndilo swali ambalo Jonas mwenyewe angeuliza. Kama ningewaonyesha filamu kwanza, theluji ingekuwa picha ya theluji basi.

Shida yangu ilikuwa kwenye neno moja. Katika jamii ile, mzee akizidi umri, au mtoto mchanga akiwa dhaifu, wanasema "anakuwa released", na kila mtu anaamini amepelekwa mahali pengine kuishi. Kumbe anadungwa sindano ya kufa. Jonas anakuja kuona baba yake mwenyewe, mtu mpole kabisa, akimfanyia hivyo kichanga cha pacha huku akiongea naye kwa sauti ya kubembeleza. Mimi nilitafsiri "kupumzishwa". Je, wenzangu mngesemaje?

---

Bint_Baraste, Maskati

Mwalimu, shikamoo. Mie mzaliwa wa Unguja, nafundisha watoto wa Kiswahili huku Maskati siku za mapumziko, basi nimelipenda swali lako.

"Kupumzishwa" imekusaliti. Sisi ukisema fulani kapumzika, hata mtoto wa chekechea anajua maiti iko ndani. Siri yote imetoka kwa neno moja, kama ile filamu ya rangi mbili anayoisema Mama Wawili. Ningesema "kuachiliwa". Ndege huachiliwa, mfungwa huachiliwa, nyavu huachiliwa. Lina furaha ndani yake. Halafu siku msomaji anapojua ukweli, lile neno la furaha ndilo linamgeukia. "Baba kamwachilia mtoto." Nimeliandika hapa na mwili umenisisimka.

---

Mwl_Kibatari, Sengerema

Marahaba, binti. Umeshinda. Nikikumbuka vizuri kuna mvulana kiti cha nyuma alinong'ona "wanawaua hao" siku ya kwanza kabisa nilipolitaja, nikadhani ni akili yake. Kumbe nilimwambia mimi.

---

Fundi_Projekta, Mwanza

Naomba nichangie kwa upande wa filamu maana naona inaonewa.

Nimeendesha kibanda umiza miaka sita. Benchi za mbao, televisheni moja, spika mbili, watoto shilingi mia mbili. Filamu tulizokuwa tunaonyesha ni zile zilizotiwa sauti na madijei, yaani mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya wahusika, wote, wanaume kwa wanawake. Watu wa vitabu wanazidharau. Mimi nawaambia ile ni sanaa ya kusimulia hadithi na bila hiyo maelfu ya watoto wa mtaani kwetu wasingejua kwamba kuna hadithi ya dunia ya miaka ijayo.

The Hunger Games tuliionyesha. Dijei alikuwa mwongeaji sana, hata stelingi akikaa kimya yeye anajaza. Ikafika pale mtoto Rue amekufa, Katniss anamzungushia maua. Dijei akanyamaza. Sijui kama alikosa maneno au aliamua. Akaacha muziki tu. Kibanda kizima, watoto wanaotupiana maganda ya karanga siku zote, kimya. Katniss alipoinua vidole vitatu, nikaona vidole vitatu gizani, mbele yangu, benchi ya kwanza. Kisha benchi ya pili.

Mama Wawili, kwa binti yako anayesumbuliwa na Kiingereza, mwache aanze na filamu hii. Akishajua nani ni nani na kiwanja kikoje, kitabu kitamfungukia. Atakuwa hatafuti tena "nini kinatokea", atakuwa anatafuta "anawaza nini". Kwa huyu wa 9, wewe mwenyewe umeshajijibu.

---

TaaYaNairobi

Fundi, hiyo ya vidole vitatu imenigusa sana. Mimi ni mhariri wa picha, kazi yangu ni kukata na kuunganisha, kwa hivyo wacha niseme kile ambacho watazamaji hawaoni.

Filamu ile inatikisika. Kamera iko mkononi, haitulii, hasa watoto wanapokimbilia silaha mwanzoni. Wengine walilalamika kizunguzungu. Lakini ndivyo ilivyowezekana kuionyesha kwa vijana: unajua mtu ameuawa bila kuona upanga ukiingia. Na hata hivyo Uingereza waliondoa sekunde 7 za damu na majeraha ndipo ikapewa kiwango cha miaka 12. Kitabu hakina mtu wa kukikata. Kwenye kitabu, wale mbwa wa mwisho wa mashindano wana macho ya watoto waliokufa, na Katniss anayatambua mmoja mmoja. Filamu iliacha mbwa wakawa mbwa tu. Kwa hiyo anayedhani kitabu ni salama zaidi kwa mtoto kwa kuwa hakina picha, afikirie tena. Peeta kwenye kitabu anapoteza mguu.

Kuna kitu kingine kitabu kinafanya ambacho filamu inakipitia mbio, nacho ni hesabu ya umaskini. Jina lako linaingia kwenye kura ya kuchagua washindani mara moja ukiwa na miaka 12, mara mbili ukiwa na 13, na kuendelea. Lakini familia isiyo na chakula inaweza kuongeza jina la mtoto mara nyingine zaidi, ipewe nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, na nyongeza hizo zinajumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mara 42. Mtoto wa meya limo mara chache tu. Kila mtu anaitwa kwenye kura ileile, na kila mtu anaambiwa ni haki sawa. Nilisomea shule ya bweni ambako majina ya wasiolipa karo yalisomwa paredi. Nilipofika ukurasa huo niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Na kuhusu ile kanuni ya mwalimu wako, Mama Wawili, kwamba kitabu kinakuachia uchore mwenyewe. Ni kweli, lakini kina upande wa pili. Collins ameandika wazi kwamba Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Filamu ilipotoka na Amandla Stenberg akamwigiza, kuna wasomaji walilalamika mtandaoni kwamba Rue amefanywa mweusi. Walikuwa wamesoma maneno hayo na wakachora mtoto mwingine. Skrini iliwalazimisha kuona kilichoandikwa.

Kwa huyo mdogo wa 9 nina pendekezo: Howl's Moving Castle. Kitabu ni cha Diana Wynne Jones, 1986, filamu ya kuchorwa ni ya Hayao Miyazaki wa Japani, 2004. Sophie, msichana mtengeneza kofia, analaaniwa anageuka bibi kizee. Hapa hutahitaji sheria ya nani kwanza, maana ni kama ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti. Kitabu kina mlango wenye rangi nne, na upande mmoja unafunguka Wales, kwenye nyumba ya kawaida yenye televisheni. Filamu imeuacha huo, ikaleta vita vikubwa vya ndege za chuma. Ila kuna jambo picha inalifanya ambalo sentensi ingelihangaikia: umri wa Sophie unabadilika ndani ya tukio moja. Akilala, uso unarudi wa msichana. Akimtetea mtu kwa ujasiri, mgongo unanyooka, makunyanzi yanapungua, kisha akijikumbuka, uzee unarudi. Hakuna anayelitaja. Mtoto wa miaka 9 ataliona kabla yako.

---

Mama_Wawili, Morogoro

TaaYaNairobi, ahsante sana. Hilo la jina kuingia mara 20 nililisoma nikalipita. Nimelirudia sasa hivi. Prim, mdogo wake Katniss, ana miaka 12, jina lake limo mara moja tu, na ndilo linalotoka. Binti yangu kamzidi mwaka mmoja.

---

Msomaji15, Dodoma

Shikamooni nyote. Mimi nina miaka 15 kwa hiyo nadhani mada hii inanihusu kuliko nyinyi.

Nataka kuwaonya kitu kimoja kuhusu kutegemea filamu. Divergent cha Veronica Roth ni vitabu vitatu. Nilianza na filamu, ya kwanza 2014, ya pili 2015, ya tatu 2016. Kitabu cha mwisho walikigawa filamu mbili kama walivyofanya kwa Mockingjay, kitabu cha tatu cha The Hunger Games. Ile ya tatu haikufanya vizuri sokoni, na ya nne haikutengenezwa kabisa. Nilikaa nikingoja. Nilikuwa namuuliza kaka anayeuza filamu kila mwezi. Mwisho nikaazima kitabu cha tatu kwa binamu, na ndipo nikajua Tris, msichana mhusika mkuu, anaishiaje. Sitasema. Nililia, lakini angalau nilifika mwisho. Kitabu hakikatizwi na mauzo ya tiketi katikati ya sentensi.

Pia Mama Wawili hukumtendea haki Meg wa A Wrinkle in Time. Ni kweli filamu imeacha vitu. Aunt Beast hayupo kabisa, yule kiumbe asiye na macho anayemuuguza Meg kwa kumkumbatia, na kwangu ndiyo sura nzuri kuliko zote. Pacha nao hawapo. Lakini mwongozaji ni Ava DuVernay, na Meg wake anaigizwa na Storm Reid, mwenye nywele kama za dada yangu. Kuna mahali mvulana Calvin anamwambia anapenda nywele zake, na Meg hakubali, anakata maneno. Dada yangu ana miaka 11. Alirudisha nyuma hapo mara tatu. Kitabu alikiacha sura ya pili. Filamu anaijua yote.

---

Mama_Wawili, Morogoro

Marahaba mwanangu. Nimekosea, na nashukuru umenisahihisha kwa adabu. Niliiangalia kwa macho ya mtu mzima anayehesabu kilichopunguzwa.

---

Dada_Shy, Shinyanga

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa muda mrefu. Nimeona mada inazunguka kwenye vitabu vyenye filamu tu, naomba nitaje kimoja ambacho nakipa nafasi ya kwanza ingawa ni kitabu peke yake: Akata Witch cha Nnedi Okorafor, 2011. Toleo la Nigeria linaitwa What Sunny Saw in the Flames, hivyo ukitafuta, tafuta majina yote mawili.

Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York, anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira kupindukia lakini jua linamwunguza, kwa hiyo anacheza usiku na kaka zake. Kisha anagundua kwamba ana nguvu za watu wa Chui, jamii ya siri, na anaingia humo na marafiki watatu. Katika jamii hiyo ukijifunza jambo jipya, fedha zinadondoka kutoka hewani, vyuma vilivyopinda, chini ya miguu yako. Elimu inalipa pale pale.

Nalea wasichana katika bweni moja huku kwetu. Hamhitaji kuelezwa mtoto mwenye ualbino amepitia nini katika mikoa hii. Mmoja wao, kidato cha kwanza, nilimpa kitabu hiki. Hakusema neno kwa wiki mbili. Siku moja nakagua vitanda nikakuta kipande cha karatasi kimetumika kama alama ya ukurasa, ameandika kwa Kiswahili: "Sunny anacheza mchana." Ni pale ambapo nguvu zake zimeamka na jua halimdhuru tena, anaingia uwanjani kweupe. Ndicho alichokichukua katika kitabu kizima.

Katika hadithi nyingi za aina hii watu wenye ualbino wanawekwa upande wa adui, wawe kwenye kitabu au kwenye skrini. Ndiyo maana siangalii sana kitabu au filamu. Naangalia kwanza mtoto wangu atakuwa nani ndani yake.

---

TaaYaNairobi

Dada Shy, asante. Nimekiagiza.

Na kwa kuwa umefungua mlango wa Afrika, kuna Pumzi ya Wanuri Kahiu wa hapa Kenya, 2009, filamu fupi ya dakika ishirini hivi. Vita vya maji vimeshapita, watu wamejifungia chini ya paa, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na umeme unazalishwa kwa watu kufanya mazoezi kwenye mashine. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo uliotumwa na mtu asiyejitambulisha. Anaunusa. Anautia mbegu. Hii haina kitabu na haiombi kitabu, maana wahusika karibu wote hawafungui midomo: wanaandika na mashine inawasemea. Kwa mtoto anayeteswa na lugha, hapo amepumzika. Mwisho wake ni mzito, kaa naye.

Kuna pia Kizazi Moto ya 2023, filamu fupi kumi za kuchorwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, jina lenyewe Kiswahili. Ya Uganda, Herderboy, ni ya wachungaji wa ng'ombe wenye viungo vya mashine. Nilicheka kwa furaha kuona fimbo ya mchungaji katika hadithi ya miaka ijayo.

---

Bint_Baraste, Maskati

Wangu, nimewasoma nyote na nimekaa nikijiuliza, mbona hakuna aliyemtaja mzee wetu? Shaaban Robert aliandika nchi inayoelea hewani mwaka 1951. Kusadikika! Tumeilazimishwa shuleni kama maswali ya "eleza dhamira", tukasahau kwamba ni hadithi ya ajabu. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja kapelekwa hadi mbinguni na mwingine hadi chini ya ardhi. Ukiondoa maswali ya mtihani, kijana wa miaka 13 ataimeza.

Lakini kwa wa 9 anzeni na Adili na Nduguze, 1952. Liwali mmoja anaheshimika nchi nzima kwa wema wake. Mgeni analala kwake, usiku anachungulia, anamwona yule liwali mwema akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawabembeleza. Kila usiku. Kwa nini? Basi hapo mtoto hakuachi ulale. Kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna binti wa jini anayekuja katika umbo la nyoka. Asili yake iko kwenye Alfu Lela Ulela, ambako wale ndugu waligeuzwa mbwa, Shaaban Robert akawafanya manyani. Bibi yangu alikuwa akiisoma kwa sauti barazani, akifika kwenye mjeledi anapiga mkeka kwa kiganja. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo. Ule mkeka bado nausikia.

Halafu kuna Alice wa Lewis Carroll, anayeanguka kwenye shimo la sungura. Kwa Kiswahili yupo tangu 1940, Elisi, tena kwenye michoro ya toleo lile ni msichana wa kwetu kwa sura na kwa mavazi. Ida Hadjivayanis amemtafsiri upya 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kwa hiyo si kila kitu kitafsiriwe papo hapo na mama aliyechoka jioni.

---

Mama_Wawili, Morogoro

Wapendwa, nimepotea wiki tatu, naomba radhi. Narudi na taarifa.

The Giver tuliisoma kama alivyosema Mwalimu, sura moja au mbili kila jioni baada ya chakula, mimi natafsiri, wote wawili wamelala kwenye mkeka. Umeme ulikatika mara mbili, tukasoma kwa tochi ya simu. Nilitumia "kuachiliwa". Siku baba alipoingia na ile sindano, mdogo hakuelewa mara moja. Aliniuliza, "Kwa hiyo sasa anaachiliwa?" Dada yake akamfunika mdomo kwa mkono. Hakusema kitu, alimfunika tu mdomo.

Kwenye tufaha nilisoma taratibu na sikueleza. Siku kadhaa baadaye niliporudi kutoka kazini nikamkuta binti kaketi sakafuni na kitabu, peke yake, anarudi nyuma kurasa zile za mwanzo, kidole kwenye mstari. Alikuwa anatafuta rangi. Kwa Kiingereza, bila mimi, bila penseli.

Filamu tuliiangalia Jumapili. Ilipoanza nyeusi na nyeupe aliishika rimoti akaisimamisha, akasema, "Wameshasema." Tukaendelea. Binti alimpenda Jeff Bridges, anayeigiza yule mzee wa kumbukumbu. Nilimweleza kwamba mzee yule alihangaika miaka mingi kupata filamu hii itengenezwe, na mwanzo alitaka baba yake mzazi, Lloyd Bridges, ndiye aigize huyo mtoa kumbukumbu, ila baba akafariki kabla. Akaomba turudie mandhari ya theluji.

The Hunger Games nimevunja sheria, Fundi, kaangalia filamu kwanza, mdogo akiwa kwa shangazi yake. Sasa yuko sura ya tatu ya kitabu na anakwenda mwenyewe. Jana kanijia na hesabu kaandika nyuma ya daftari: kama sisi tungekuwa Wilaya ya 12, kwao Katniss, watu watatu nyumbani, yeye jina lake lingeingia mara ngapi. Alikuwa amepata 8. Nilikagua hesabu yake, ilikuwa sahihi. Nilimkumbatia, sikujua la kusema.

Sasa ombi. Adili na Nduguze nimeipata kwa jirani lakini imekatika kurasa za mwisho, na tumeshafika pale ndugu wanapanda melini. Huyu wa 9 ananiuliza kila asubuhi. Aliye Morogoro au Dar mwenye kujua duka lenye nakala nzima, naomba aniandikie leo kama inawezekana.